Jinsi Tulivyouweka Mkasi Chini Likoni

Nianze na ushauri ambao hakuna aliyeniomba. Ukipewa makala ya utafiti wa tiba uisome, usianze na hitimisho. Najua mnaanza hapo. Wajukuu zangu wawili wanasomea uuguzi na nimewaona: wanaruka kurasa zote kwenda kuona mwandishi amemalizia vipi, kisha wanakuja kuniambia "utafiti umeonyesha". Mwandishi akifika kwenye hitimisho ameshachoka na anataka kazi yake ipendwe. Anzeni na ile sehemu inayowachosha watu, inayoeleza wanawake gani walichukuliwa, waligawanywa vipi, wangapi walitolewa katikati na kwa sababu gani. Hapo mwandishi hana muda wa kujipamba.

Mimi nilikuwa mkunga. Nilizalisha Likoni tangu ujana wangu mpaka magoti yaliponikataza, katika hospitali ndogo ya uzazi ambayo siku hizi imegeuzwa kitu kingine. Lakini katika miaka ya tisini niliingia kazi ya pili iliyokwenda sambamba na ukunga, na majirani zangu hapa Jomvu Kuu hadi leo hawaielewi. Inaitwa mapitio ya ushahidi. Unachukua swali moja la tiba, unatafuta kila utafiti uliofanywa duniani kuhusu swali hilo, ule unaoupenda na ule unaokuudhi, unaupima mmoja mmoja, kisha unajumlisha na kuwaambia wauguzi na madaktari: fanyeni hivi, au acheni, au bado hatujui. Shemeji yangu aliniuliza kama kweli kuna watu wazima wanaokaa kitako kusoma kazi za wenzao na kuiita hiyo kazi. Nikamwambia wapo, na wengine wanavaa miwani kwa sababu yake.

Swali letu la kwanza lilihusu mkasi.

Aliyenifundisha mkasi ni Bi Zuhura, msimamizi wa wodi yetu, mwanamke mrefu wa Mtongwe mwenye sauti ya chini na mikono ambayo sijaona mfano wake. Miaka ya themanini, kila aliyekuja kwetu kujifungua mara ya kwanza aliongezewa njia, yaani alikatwa kwa mkasi ili mtoto apate pa kupitia. Hatukumwuliza, wala sisi wenyewe hatukujiuliza. Kichwa cha mtoto kikianza kujitokeza unaingiza vidole viwili kukilinda, unangoja uchungu upande, unakata kwa upande mara moja bila kusita. Bi Zuhura alitufundisha kwamba mkato wa mkasi hupona vizuri kuliko kuchanika ovyo, na kwamba mama asiyekatwa atalegea akifika utu uzima. Yeye alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo pia. Tulishona vizuri, tukajisifia nyuzi zetu, tukawarudisha wazazi makwao tukiwaambia wakalie maji ya vuguvugu yenye chumvi kwenye beseni.

Yaliyofuata nyumbani hatukuyaona. Bi Zuhura peke yake aliyaona, maana yalimfika ndani ya nyumba yake. Binti yake mkubwa, Maryam, alirudi kwa mamake kuzaa mimba ya kwanza kama ilivyo desturi yetu, na mamake akamzalisha na kumwongezea njia kama alivyomfanyia kila mtu. Kidonda kikatunga usaha. Arubaini nzima Maryam alikalia upande mmoja, akinyonyesha amelala, na wageni waliokuja kumtazama mtoto wakimkuta ana machozi. Ilipita miaka mingi kabla hajakubali kubeba mimba nyingine. Bi Zuhura alisema ni kudra, na sote tukaitikia, kwa sababu mkasi wenyewe haukuwa jambo la kujadiliwa.

Daktari Swaleh alitujia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa kijana wa Mombasa aliyesoma ng'ambo, akarudi na miwani mikubwa na tabia moja ya kuchosha: chochote ulichofanya, alikuuliza umejuaje. Hakuwa na kiburi. Aliuliza kama mtoto anayetaka kweli kuambiwa, na hilo ndilo lililotukera zaidi. Siku moja kwenye chumba cha chai alimwuliza Bi Zuhura amejuaje kwamba kila mwenye mimba ya kwanza lazima akatwe. Bi Zuhura aliweka kikombe chini akasema amejua kwa kuona, maana katika maisha yake ameona waliochanika. Daktari akamwuliza kama amewaona pia wale ambao hawakukatwa na hawakuchanika. Bi Zuhura akafikiri, akakiri kwamba hajawaona, kwa kuwa hakuna aliyeachwa bila kukatwa. Nami nikajitia kutafuta sukari.

Kijana mwingine angejifurahia ushindi wake na kujitafutia adui wa maisha. Daktari Swaleh alimwomba awe msomaji. Alitaka kufanya mapitio ya swali hilo, na alitaka watu watatu: yeye, mimi na Bi Zuhura. Nilimwuliza kando kwa nini amchukue mtu ambaye jibu lake tunalijua tayari. Alinijibu kwamba jibu langu nalo analijua. Alisema kweli. Tangu ile siku ya sukari nilikuwa nimeshauchukia mkasi, na mtu mwenye chuki husoma vibaya sawa na mwenye mapenzi.

Basi tukaanza, na tukakwama wiki nyingi kwenye swali lenyewe. Mimi niliandika: Je, kuongezewa njia ni vizuri? Nikarudishiwa. Vizuri kwa nani? Ukilinganisha na nini? Utapima nini ujue kwamba ni vizuri? Nikaandika tena, nikarudishiwa tena, mpaka nikaanza kumkwepa daktari kwenye ujia. Yeye na mimi tulitaka kupima ukubwa wa jeraha, damu iliyopotea na hali ya mtoto. Bi Zuhura alisikiliza yote, kisha akasema kuna kimoja tumekisahau, nacho ni lini mzazi ataweza kukaa kitako anyonyeshe bila kuuma meno. Alisema hivyo akitazama dirishani. Daktari akakiandika juu ya vingine vyote.

Na kabla hatujaona hata makala moja, tuliandika pia ni tafiti za aina gani tutazikubali. Tulikubaliana tuchukue zile tu ambazo wanawake waligawanywa kwa kura, huyu akatwe, yule aachwe isipokuwa pana dharura. Kura ni muhimu, wanangu, kwa sababu mkunga akichagua mwenyewe atamkata yule anayemtia wasiwasi, halafu hutajua kama kilichomuumiza ni mkasi au ni ile shida iliyokuwepo tangu mwanzo. Ukishaandika masharti yako, huyabadilishi eti kwa sababu utafiti fulani umekupendeza.

Kutafuta nako kulikuwa na visa vyake. Nyinyi mnabonyeza. Sisi tulivuka feri kwenda maktaba ya hospitali moja kisiwani, tukafungua vitabu vya faharasa vizito vya kuvunja mgongo, vyenye herufi ndogo kama chawa, tukaandika majina ya makala, kisha tukaanza kuomba nakala. Zilizokosekana tuliziandikia barua ng'ambo. Profesa mmoja alifurahi sana kusikia kwamba Likoni wanamsoma, akatutumia furushi la kila alichowahi kuandika maishani mwake, isipokuwa ile makala tuliyomwomba. Na palikuwa na makala ya Kijerumani. Tulimpata mhudumu wa hoteli ya Shelly Beach aliyejifunza lugha hiyo kwa watalii, akaja na shati lake la kazi, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akauliza kwa adabu kama Bi Zuhura angeweza kutupisha kidogo, maana maneno yaliyomo si ya kusomwa mbele ya mtu mzima. Bi Zuhura alimjibu kwamba yeye ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa, asome tu. Akasoma, jasho likimtoka mpaka mwisho.

Mtaniuliza kwa nini tuhangaike na makala zilizofichika wakati zilizo wazi zipo. Nendeni Kongowea mkanunue nyanya kwa tenga. Zile nzuri hupangwa juu, na anayejua kununua hutumbukiza mkono mpaka chini. Utafiti wenye habari ya kufurahisha huchapishwa upesi na kutajwa na kila mtu, na ule uliotoka bila jambo la kusisimua hubaki kwenye droo ya mwenyewe. Ukitazama za juu tu, utafika nyumbani na nyanya ambazo hukuziona.

Sasa nifike kwenye kusoma. Kanuni ni kwamba wawili wasome kila makala, kila mtu kivyake, na wasiambiane kitu mpaka wote wamalize. Mimi na Bi Zuhura tulikuwa ndio wasomaji, na daktari mwamuzi. Lakini mimi na yeye tulitoka kazini pamoja kila siku na kufuata njia moja hadi kwake. Ikabidi tutafute ya kuzungumza. Nadhani hakuna watu wawili Likoni waliowahi kuzungumza sana kuhusu bei ya samaki kama sisi mwaka ule. Yeye alisoma polepole, kamusi pembeni, akirudia ukurasa mmoja mara nyingi. Nikajiambia anatafuta mwanya wa kuutetea mkasi. Baadaye nilijua kwamba naye alijiambia mimi nasoma haraka kwa sababu nimeshaamua.

Wakati huo ndipo Rukia, binti yake wa mwisho, aliporudi nyumbani na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Alikuwa msichana wa kucheka ovyo, lakini alimwona dadake alivyoteseka, na hilo hakulichekea. Aliniuliza mimi, hakumwuliza mamake, kama naye atakatwa. Nikamwambia ndiyo taratibu ya wodi, labda mapitio yetu yaseme vingine. Akaniuliza yatasema lini. Nikamwambia inshallah kabla ya siku zake, ingawa sikuwa na hakika ya siku wala ya yatakayosema.

Maana hesabu ilikuwa haieleweki. Tafiti kadhaa ziliegemea upande wa kutokata: wasiokatwa waliumia kidogo, walishonwa kidogo, walikaa vizuri mapema. Lakini mbili, zote kutoka ng'ambo, ziliutetea mkasi, na kila moja ilikuwa na wanawake wengi. Ukiziweka mbili hizo upande wa pili, mizani inasimama katikati. Daktari alishazipitia akatia sahihi. Jibu lilikuwa linaelekea kwamba bado hatujui, na pale kwetu kutojua kulikuwa na maana moja: wodi itaendelea kama ilivyo. Rukia angekatwa. Nilikasirika kimya kimya, nikazisoma tena makala zile mbili kutafuta kasoro, nisiione.

Asubuhi moja nilikuwa napanga shuka kwenye kabati Bi Zuhura akaniita.

"Siti."

"Abee, Bi Zuhura."

"Yule mwanamke wa lifti umemwona?"

Sikumwelewa. Akaziweka zile makala mbili juu ya shuka zangu safi na kunionyesha kwa kidole, kwenye ile sehemu inayowachosha watu. Katika ya kwanza, waandishi wanasema mwanamke mmoja alitolewa katika hesabu kwa sababu alijifungua ndani ya lifti kabla hajafikishwa wodini. Katika ya pili, iliyotoka miaka kadhaa baadaye, jarida jingine, jina la daktari mwingine mbele, mwanamke mmoja alitolewa kwa sababu alijifungua ndani ya lifti. Mimi nilimpita mara zote mbili. Bi Zuhura hangeweza kumpita. Yeye aliwahi kumpokea mtoto ndani ya feri, katikati ya malori, akamfunika kwa leso yake mwenyewe, na tangu hapo kila aliyejifungulia njiani alimhesabu kuwa jamaa yake.

"Wanawake wawili hawazai kwenye lifti moja," alisema. "Hawa ni wale wale. Wameandikwa mara mbili, na sisi tumewahesabu mara mbili."

Kosa hilo ni la watu wa kazi yetu tu. Daktari aliye wodini hamhesabu mgonjwa mmoja mara mbili, maana anamwona. Sisi hatuwaoni, tunaona karatasi, na karatasi mbili zinafanana na vikundi viwili vya watu. Ukizitoa tafiti mbili ukaweka moja, mizani haisimami tena katikati. Inaulalia upande wa kutokata.

Nilimtazama Bi Zuhura. Mimi nilikuwa nimezisoma mara mbili na sikuona, na daktari ameshatia sahihi. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, na yeye angestaafu akiwa mkunga aliyewakata wanawake kwa haki. Sasa alikuwa ameshika mkononi neno la kuuambia ulimwengu kwamba kidonda cha Maryam hakikuwa na sababu. Nilimhurumia, wanangu, kuliko nilivyofurahi. Nikamwambia, sijui kwa nini, kwamba si lazima tumpelekee daktari leo, anaweza kwenda nyumbani kwanza akafikiri.

"Nimeshafikiri," alisema. "Nilimwona tangu juzi. Nimejaribu kumsahau, wallahi, haikuwezekana."

Akazichukua makala akampelekea daktari mwenyewe. Daktari aliziweka sambamba mezani: idadi ile ile, umri ule ule, miezi ile ile. Alivua miwani akasema naye alimpita mwanamke wa lifti, na kwamba kuanzia siku hiyo kila tafiti mbili za mkasi zinazofanana zitalinganishwa kabla ya kuhesabiwa. Akamwandikia mwandishi barua kuuliza. Jibu la kukubali, lenye adabu nyingi, lilifika mtoto wa Rukia akiwa ameshajua kutambaa.

Hatukulingoja. Tulirudia hesabu, na safari hii ilisema wazi: hakuna faida ya kumkata kila mwenye mimba ya kwanza, na madhara yapo. Mkasi ubaki kwa dharura, mtoto akichoka au pakiwa na sababu nyingine ya haja. Aliyesimama mbele ya wodi kuyasoma hayo ni Bi Zuhura. Wakunga wa makamo walinung'unika, mmoja akauliza kama sasa tunafundishwa kazi na karatasi. Bi Zuhura alimjibu kwamba karatasi zimejaa wanawake, na kwamba yeye amewasoma wote.

Kisha ikabidi tujifunze upya, kwa sababu kuacha kukata si kukaa mikono mitupu. Unaweka kitambaa cha maji ya moto kiasi. Unashikilia kichwa kisitoke kwa kishindo. Unamwambia mama asisukume, ahemehe kama aliyekula pilipili. Zaidi ya yote unangoja, na kungoja ndiko kulikotushinda. Mkono uliozoea mkasi huwasha. Nilimwona Bi Zuhura, na uzoefu wake wote, akikunja mikono nyuma kama mwanafunzi ili usiende kwenye sinia.

Rukia alikuja mchana wa Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Zamu ilikuwa ya mamake. Nilimwambia nitamzalisha mimi, yeye akae nje kama mama wengine wote. Akakataa. Akanawa, akavaa glavu, akasimama pale anaposimama mkunga, nami nikasimama pembeni. Rukia alimlilia mamake kwa majina yote aliyomwita tangu utotoni. Kichwa kikaonekana, kikarudi, kikaonekana tena, na pale hasa ambapo miaka yote tulikuwa tukikata, mkono wa kulia wa Bi Zuhura ukanyanyuka na kuelekea kwenye sinia. Mkono ukasimama hewani, kisha ukarudi kwenye kitambaa. "Hema, mamangu," alimwambia bintiye. "Hema. Tuna wakati." Mtoto akaja polepole, msichana, na Rukia hakuhitaji hata uzi mmoja.

Jioni Maryam alikuja na chupa ya uji. Alimkuta mdogo wake ameketi kitandani ananyonyesha huku akizungumza na kucheka, ameketi sawasawa, miguu ameikunja. Maryam akasimama mlangoni akitazama. Hakuweka uji chini.

"Hakukatwa?" alimwuliza mamake.

"Hakukatwa."

"Mimi je? Mimi nilikatwa kwa nini?"

Nilitamani Bi Zuhura amweleze kuhusu taratibu za zamani, kuhusu waliomfundisha, kuhusu tafiti ambazo wakati ule hazikuwepo. Yote hayo ni kweli na angesamehewa kwayo. Hakutaja hata moja.

"Nilidhani najua, mwanangu," alisema. "Sikujua. Niwie radhi."

Nyinyi mliozaliwa juzi huenda msielewe uzito wa maneno hayo. Kwetu radhi anaiomba mtoto, na mzazi ndiye anayeitoa. Sikuwahi kumsikia mama wa Likoni akiigeuza, wala sijamsikia mwingine tangu hapo. Rukia aliacha kucheka. Maryam akaweka chupa juu ya kabati, akaushika mkono wa mamake wa kulia, akaubusu mgongoni na kiganjani, akakaa akiushikilia.

"Nimekuwia radhi, mama," alisema.

Mimi niliokota sinia nikatoka nalo nje, nikajifanya nakwenda kuchemsha vyombo, nikalia palepale kwenye ujia.